Mkono wa Kadra

Siku ya soko Garsen, duka la Iha hujaa hadi barazani. Anauza vyombo vya plastiki: ndoo, majagi, mabeseni, mikeka. Wateja hupiga kelele kana kwamba mwenye duka ni kiziwi. Ummi Faiz alikuwa amechutama mbele ya rundo la vikombe, buibui ameipandisha kidogo isiguse vumbi, mtandio wake wa zambarau umemtelezea mabegani. Alikuwa akichagua vikombe vya uji vya wanafunzi wake wa chekechea kule Minjila, na alitaka vya kijani pekee. Mwalimu yeyote wa watoto wadogo anajua sababu. Ukileta vyekundu na vya bluu pamoja, asubuhi nzima itaisha kwa vita.

Mkono mrefu wenye grisi ukapita juu ya bega lake, ukachukua kikombe kimoja.

"Samahani, hicho changu," Ummi alisema bila kugeuka.

"Kimeandikwa jina?"

"Kiko kwenye fungu langu."

"Dada, wewe una fungu zima. Mimi nataka kimoja tu. Kwani una kiu kiasi gani?"

Ummi akageuka. Alikuwa kijana wa Kiorma, mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni licha ya joto, na spana imechomoza mfukoni kama kalamu ya karani.

"Jibril, achana na huyo," Iha alipiga kelele kutoka ndani. "Huyo mwalimu. Atakusimamisha pembeni ukiangalia ukuta."

"Nimeshasimama," Jibril alijibu. Kisha akamwambia Ummi kwa sauti ya chini, "Nina mtoto nyumbani. Hanywi maziwa ila kwa kikombe cha kijani. Kile chake kimekanyagwa na ng'ombe."

"Ng'ombe wenu huingia mpaka jikoni?"

"Wetu wana adabu. Huyo alikuwa wa jirani."

Ummi alicheka, na kicheko kilimponyoka kikubwa kuliko alivyotaka. Akamwachia kikombe. Akauliza mtoto ana umri gani. Jibril akasema amefika wa shule, ila anaogopa kumpeleka.

"Waogopa nini?"

"Anaongea sana. Mwalimu atakimbia."

"Mlete," Ummi alisema. "Mie sijakimbia bado."

Jumatatu pikipiki ilisimama mbele ya chekechea. Kadra alikuwa amekaa mbele, juu ya tangi, kikombe amekikumbatia kifuani, nywele zimesukwa zikakazwa mpaka macho yamevutika. Aliteremshwa, akatazama darasa, akatazama mwalimu, akaanza kuzungumza Kiorma mfululizo kama mtu aliyetumwa kutoa hotuba.

"Anasema nini?" Ummi aliuliza.

"Anasema shule yako ina nzi," Jibril akajibu. "Na kwamba atakaa."

*

Chekechea ile ilijengwa na kikundi cha akina mama: chumba kimoja cha mabati, jiko la uji nyuma, choo, na kivuli cha makuti cha kuchezea. Asubuhi waliingia watoto wa Kipokomo, wa Kiorma, wa Kisomali na wa Kigiriama, na jambo la kwanza Ummi alilojifunza alipofika kutoka kwao Kipini ni namna ya kuomba kwenda haja kwa lugha zote hizo. Usipoelewa upesi, utapiga deki. Walihesabu kwa vifuniko vya soda. Walifinyanga udongo wa mtoni: ng'ombe, pikipiki, mamba wenye mikia mirefu iliyokatika kabla ya saa ya uji. Mtoto mmoja hulala, mwingine humlilia anayelala. Kiangazi kikikaza, familia za wafugaji huhama na nusu ya darasa hutoweka, na mvua ikinyesha wanarudi wamesahau kila kitu isipokuwa nyimbo. Kwa sababu hiyo Ummi alifundisha kwa nyimbo.

Msaidizi wake aliitwa Charity, binti wa Kipokomo mwenye sauti ya kuita kivuko kutoka ng'ambo ya mto. Watoto walimpenda kwa sababu sauti ile haikuwa na hasira hata kidogo.

Kabla muhula haujafika katikati, Kadra alikuwa akiimba Kiswahili kuliko wenye Kiswahili. Alikuwa na desturi ya kumfuata Ummi mlangoni wakati wa kwenda nyumbani na kumshika kidole kimoja, kile cha mwisho, asiseme neno. Kwa siku nzima, huo ulikuwa wakati wake pekee wa kunyamaza. Ummi angeulizwa mshahara wake ni nini, angetaja hicho.

Baba mtu naye alianza kupiga simu. Jibril alikuwa fundi wa pampu za maji, leo Bura, kesho Hola, keshokutwa kisima fulani porini ambako mtandao unashikwa ukipanda juu ya tangi.

"Mama Vikombe."

"Fundi. Uko wapi leo?"

"Juu ya tangi. Ukinisikia nimenyamaza ghafla, ujue nimeanguka."

"Shuka basi, wala usinitie dhambini."

"Nikishuka sikusikii. Afadhali nianguke."

"Maneno hayo unawaambia na pampu?"

"Pampu zinanijibu vibaya kuliko wewe. Leo umevaa mtandio gani?"

"Wa zambarau."

"Nilijua. Bura nzima imepoa."

Ummi hucheka akiwa amejifunika uso kwa mtandio huo huo, ijapokuwa hakuna anayemwona. Alijua kwamba mke wa Jibril alifariki mwaka wa mafuriko, wakati barabara imekatika na mimba ya pili imemchachia, mashua imechelewa. Jibril alimweleza mara moja, kwa maneno machache, na Ummi akasema Mungu amrehemu. Hakuuliza zaidi. Hakuuliza hata jina lake. Alijiambia ni heshima. Kwa kweli hakutaka mtu wa tatu kwenye simu zile.

"Mama yangu anataka kukuona vizuri," Jibril alimwambia siku moja. "Siku ya wazazi atakuja. Usiogope. Anaonekana mkali, na ni mkali."

"Wanitia moyo hivyo?"

"Ummi, mpenzi wangu, akikupenda, mimi nitakuja Kipini na wazee. Umenisikia?"

Alimsikia. Usingizi ulimpotea siku hiyo kwa furaha.

*

Siku ya wazazi ya chekechea ile ilikuwa na kawaida yake. Kila mtoto hubeba kikombe cha uji kwa mikono yake, hupita katikati ya watu, na kumpa mzee wake. Wengine humwaga, watu hucheka, wengine hulia. Lakini wazee hutazama kwa makini mtoto ametoaje: ameinama, amesalimu, ametoa kwa mkono wa kulia.

Kadra alikuwa na shoto. Alichora kwa mkono wa kushoto, alirusha kwa kushoto, alikula kwa kushoto, na katika mazoezi alimpa Charity kikombe kwa kushoto huku akitabasamu kama malaika. Bibi yake, Mama Qabale, ndiye angepokea kikombe hicho mbele ya watu wote.

"Mwache tu, dada Ummi," Charity alisema. "Chuoni si tuliambiwa mtoto wa shoto asilazimishwe?"

"Chuoni hawakukaa na wazee wa hapa."

"Kwani mzee mmoja akinuna tutakufa?"

"Charity, hujui."

Charity alijua. Minjila nzima ilijua pikipiki ile ilisimama kwa nani. Na Ummi mwenyewe alijijua: hakuwa akiwaza wazee wa Minjila. Alikuwa akiwaza mama mmoja, na uso wa mama huyo akipokea kikombe, na namna ambavyo angemgeukia mwalimu.

Akachana ukanda kutoka kwenye leso yake iliyochakaa. Akapiga magoti mbele ya Kadra, akauzungusha ukanda kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akaufunga kwenye mshipi wa sketi.

"Mkono huu umelala kidogo, eh? Usiuamshe. Tutumie huu mwingine."

"Umechoka?" Kadra aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Umechoka."

Hakumpiga. Hakumfokea. Baadaye jambo hilo ndilo lililomtesa kuliko yote, kwamba alifanya kwa sauti ya upole, na mtoto akatii kwa sababu anampenda. Asubuhi mbili alimfunga. Kadra alimwaga uji, alivunja chaki, alichora duara lililokataa kukutana. Saa ya kwenda nyumbani Ummi alifungua ukanda, akasugua alama iliyobaki kwenye ngozi mpaka ikapotea. Jioni ile ile Jibril alipiga simu kutoka Hola, wakataniana, wakacheka sana.

Siku yenyewe ilifika. Kadra, kwenye gauni la manjano lenye marinda, alipita katikati ya watu akiwa ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, macho hayabanduki kwenye uji, ulimi ameung'ata. Alifika, akainama, akatoa. Mama Qabale alikuwa mwanamke mrefu mwenye ushanga shingoni na uso usiopoteza tabasamu ovyo. Alipokea. Akanywa. Akamtazama Ummi mbele za watu.

"Mwalimu, wewe nakubali," alisema kwa Kiswahili chake cha mkato. "Mama ya huyu mtoto, mimi nasema, nasema, mdomo inachoka. Kushoto, kushoto, mpaka anaingia kaburi. Wewe mara moja tu unamaliza."

Watu wakapiga makofi. Ummi alikuwa ametabasamu kabla maneno hayajaisha, na tabasamu lile likambakia usoni bila kuwa na mahali pa kwenda. Kando, Kadra alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto.

*

Hakuutoa tena. Akiketi anaukalia, akisimama anauficha mgongoni. Mkono wa kulia haukujua kazi, basi alikaa bila mkono. Bonge lake la udongo lilikauka mezani jinsi lilivyo. Aliacha kuimba. Akajikojolea, yeye aliyekuwa akiwacheka wengine. Kidole cha Ummi hakukishika tena.

Jibril alirudi kutoka Hola, na simu yake ya siku hiyo haikuanza kwa Mama Vikombe.

"Ummi, mtoto wangu amefanywa nini?"

"Kwa nini?"

"Hali chakula. Mama yangu anamlisha kama mtoto mchanga. Nikimwambia lete mkono, analia. Mtu amempiga kwenye mkono?"

"Hajapigwa, Jibril."

"Sikiliza. Mkono ule ni wa mama yake. Anaushika mkate vile vile, anajikuna sikio vile vile. Hana picha ya mama yake, ilikwenda na maji. Mimi nikitaka kumwona yule marehemu, namtazama Kadra akila. Unanielewa? Mama yangu anasema ni yule msaidizi wako. Yule wa kelele."

Hapo ndipo Ummi alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa tayari mdomoni, fupi, la silabi chache. Akaona uso wa Jibril ukifungwa kama duka. Akaona Kipini bila wazee.

"Nitaulizia," akasema.

Kesho yake mwenyekiti wa wazazi alimwita Charity nje ya darasa. Mama Qabale alikuwa amefika kwake alfajiri. Mazungumzo hayakuchukua muda. Charity aliambiwa akae nyumbani hadi wazazi wakutane. Alipoingia kuchukua mkoba wake, Ummi alikuwa amesimama kando ya ubao akifuta mahali palipokwisha futika. Charity alimtazama. Alingoja. Kisha akamwekea ufunguo wa stoo mkononi.

"Unga umebaki kidogo," alisema. "Usisahau kuagiza."

Aliondoka akipita jikoni ili watoto wasimwone.

"Mwalimu Charity ameenda wapi?" wakauliza.

"Amepumzika."

Hapo Kadra akainuka mahali pake. Alikwenda hadi kwenye kasha la vitambaa vya kufutia ubao, akapekua kwa mkono wa kulia, akapata ule ukanda wa leso. Akamletea Ummi. Akageuka, akausogeza mkono wa kushoto kiunoni mwake, akangoja afungwe. Labda alidhani Charity amefukuzwa kwa sababu mkono umeamka. Labda alitaka tu mambo yawe sawa tena. Hakulia. Alingoja kwa subira, kisogo chake kidogo kimeinama.

Ummi alitoka nje. Nyuma ya jiko palikuwa na tuta la udongo ambapo mtandao hushika. Alipanda, akapiga.

"Jibril, ni mie niliyemfunga. Nilimfunga mkono wa kushoto ili mama yako anipende. Charity hana kosa. Ni mie."

Upande wa pili kimya. Akatazama simu. Ilikuwa imekatika zamani, hata hakujua tangu neno gani. Maneno yote yale yalikuwa yamekwenda kwa upepo.

Alisimama juu ya tuta. Hakuna aliyesikia. Uji ulikuwa ukitokota, watoto wanaimba wimbo nusu nusu bila mwalimu, na angeweza kushuka. Mwili wake wote ulitaka kushuka.

Akapiga tena.

"Unasikika sasa," Jibril alisema. "Ulikuwa unasema nini?"

Akayasema upya, na mara hii yalikuwa mazito zaidi. Alipomaliza akauliza, "Umenisikia?"

"Nimekusikia. Siku gani?"

"Kabla ya siku ya wazazi. Asubuhi mbili."

"Siku ile tulicheka. Nilikuwa Hola. Ulikuwa umemfunga siku ile?"

"Ndiyo."

"Na jana nilipokuuliza?"

"Nilikuwa najua jana."

"Ulikuwa unajua jana," Jibril akarudia polepole, kama mtu anayetafsiri. Akakata simu.

Kabla ya adhuhuri pikipiki ilifika. Hakuingia darasani. Alisimama jua kali, akamwita binti yake kwa Kiorma, akampandisha juu ya tangi, akaondoka bila kumtazama Ummi. Kadra alitazama.

*

Wazazi walikutana. Ummi alisimama akasema yote, hakujitetea, na Mama Qabale akiwa ameketi safu ya mbele. Akina mama walinong'ona. Wengine walisema kosa liko wapi, mtoto amefundwa adabu tu, na maneno hayo ya kumtetea yalimuumiza kuliko lawama. Alimwomba radhi Charity pale pale, kwa jina. Wakaamua darasa lichukuliwe na Charity, Ummi awe msaidizi wake.

"Nimekubali radhi," Charity alimwambia jikoni baadaye, akipima unga. "Lakini ulinitazama nikitoka, dada Ummi. Nitahitaji muda."

"Chukua."

"Na uji utapika wewe. Mimi moshi umenichosha."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaojaribu mguu uliovunjika.

Simu ya Ummi ilinyamaza. Alizoea kuitazama kila dakika, kisha akazoea kuiweka mbali. Alipowaza juu ya Jibril hakuwaza tangi wala utani. Aliwaza mwanamke ambaye hakupata kumwona, akinyoosha mkono kuchukua mkate.

Ijumaa moja baada ya sala alijitia moyo akaenda kwao Jibril. Mama Qabale alimkaribisha kwa chai ya maziwa. Kadra alikuwa uani, anachungulia vichuguu vya mchwa. Ummi akaketi chini mchangani, buibui na yote, akasema kwa Kiorma alichokuwa amejifunza siku kadhaa kutoka kwa mzazi mmoja, kibovu, chenye lafudhi ya Kipini:

"Mkono wako haukukosa. Mimi nilikosa. Mkono wako ni mzuri."

Kadra alimtazama. Akainuka, akaingia ndani. Hakurudi.

Jibril alikuwa amesimama mlangoni. Alimsindikiza hadi barabarani, wameacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Kiorma chako kinatisha," alisema mwishowe.

"Najua."

"Umemwambia mkono wake ni mnono."

Ummi hakuweza kucheka. Machozi yalimjaa. "Jibril, sikuja unisamehe. Nimekuja kukuuliza jambo nililopaswa kuuliza mapema. Mama yake aliitwa nani?"

Jibril alisimama. Lori la ng'ombe likapita, vumbi likawafunika, wakangoja litulie.

"Nuriya," alisema. "Aliitwa Nuriya."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa mchekeshaji. Kuliko mimi. Mimi utani nimejifunza kwake." Alitazama viatu vyake. "Wageni wakija, mama alimtazama, na mimi nilimgusa mguu kwa mguu wangu, chini ya mkeka. Kumkumbusha: mkono. Kila mara. Kwa upole, Ummi. Kama wewe. Mwisho akaacha kukaa na wageni. Akasema anapenda jikoni. Nikamwamini. Uliponiambia kwenye simu ile, nilikasirika kwa sababu yako. Halafu nilipofika nyumbani sikujua hasira ni ya nani."

Walisimama pale mpaka jua likalegea, Jibril akisema habari za Nuriya: alivyoogopa vyura, alivyoimba vibaya kwa makusudi ili Kadra amsahihishe. Ummi alisikiliza. Iliuma, na aliiacha iume.

"Ningekuoa mwezi ule," Jibril alisema walipoagana.

"Na sasa?"

"Sasa nitamuuliza Kadra."

*

Kadra alirudi shuleni, darasani kwa Charity, kwa kuwa nyumbani aliwalilia wenziwe. Saa ya uji Ummi aliacha kumpa mtoto yeyote kikombe mkononi. Alivipanga mezani, kila mmoja achukue atakavyo. Siku ya kwanza Kadra hakuchukua. Siku nyingine alikuja wa mwisho, akasimama, akamkazia Ummi macho, akatoa mkono wa kushoto nyuma ya mgongo polepole, kama anayejaribu maji kwa kidole. Akachukua kikombe. Ummi akaendelea kukoroga sufuria. Alikoroga kwa nguvu sana.

Simu zikarudi, za Jumamosi.

"Nimemuuliza."

"Amesemaje?"

"Bado."

Jumamosi iliyofuata: "Amesema bado. Nimempa biskuti kwanza, na bado."

"Usimhonge, Jibril."

"Alikula, halafu akasema bado. Huyu atakuwa mwanasheria."

"Mwache. Ana haki."

"Na wewe utangoja? Shangazi zako Kipini hawatakutafutia mvuvi?"

"Wametafuta. Nimewaambia bado."

Mvua za vuli zikaja, mabonde yakajaa, Jibril akakwama Bura kwa siku nyingi, akarudi amepakwa tope hadi masikioni. Kwa Kadra jibu lilikuwa lile lile. Ummi alianza kufikiri kwamba huenda neno hilo ndilo litakalokuwa lake maishani, na kwamba asingekuwa na sababu ya kulalamika. Kuna vitu mtu huvifunga kwa dakika moja na kuvifungua kukachukua umri.

Jumamosi moja, asubuhi, simu ililia akiwa anaanika nguo.

"Fundi?"

Upande wa pili palikuwa na pumzi ndogo, karibu sana na simu.

"Mwalimu."

Ummi akaiachia nguo ikaanguka kwenye tope. "Naam, mwanangu."

"Baba anasema utakuja kwetu."

"Ukitaka tu, Kadra. Usipotaka siji."

Pumzi. Kuku analia mahali. Kadra akauliza kwa sauti ya mtu mzima anayepanga nyumba:

"Ukija utalala wapi?"

"Mahali utakaponionyesha."

"Si pale kwa mama."

"La," Ummi alisema, na sauti yake ikakatika, akaiokota. "Si pale kwa mama. Pale ni pake."

Kadra alifikiri kwa muda mrefu. Ummi alisikia kabisa mtoto anavyofikiri.

"Kuna upande wa dirisha," Kadra akasema. "Lakini mvua inaingia."

"Mie sijali mvua."

Simu ikapita mkono hadi mkono, ikagongwa na kitu, kisha akasikia mwanamume anavuta hewa. Alimngoja.

"Ummi," Jibril alisema hatimaye. "Ijumaa barabara ya Kipini itapitika?"

"Ina tope."

"Wazee watakuja na tope, basi."

"Waje," Ummi alisema. "Waambie waje." Akaketi chini pale pale uani, nguo zilizolowa pembeni yake, akamlilia kwanza Nuriya.